Balozi Agawa Paka

Panya walikuwa wameshafika kwenye maharage yangu ya mbegu darini, mvua imekaribia, na mbegu nyingine sina. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, maana hapa Malindi yetu ya milimani hata mtoto wa paka hupitia kwake. Huyu mzee huvaa koti la mkutano hata akichimba viazi, na hukohoa kabla ya kusema, ili tujue kwamba linakuja neno. Watoto wa paka anaowagawa huwainua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo. Anayening'inia kimya ndiye hupewa sifa.

"Huyu ana nidhamu, Mama Dina. Mchukue."

Bibi yangu naye aliwainua hivyohivyo, ila alichagua anayekunja miguu na kupigana. Paka wa mwisho wa balozi alikunja miguu, akamng'ata kidole. Balozi akasahau kukohoa.

"Mkorofi huyu! Hafai kijijini!"

"Nipe huyo, ndugu Balozi. Wenye nidhamu wabaki kwako, mimi nina panya."

Akamsukumia kikapuni mwangu kwa mpini wa jembe, akaingia ndani na kufunga mlango kabla paka hajatoa maoni mengine.