Taa Isiyomsubiri Shangazi

Kilichoninyima usingizi kilikuwa swali dogo: shangazi yangu alie kwa muda gani kabla taa haijazimika?

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimerudi Kilosa kwa wazazi. Kikundi cha maigizo cha mjini kwetu kiliandaa mchezo kuhusu mafuriko, wa kuonyeshwa katika ukumbi mmoja Mikumi, nami nikapewa taa kwa kuwa nilisomea kompyuta. Kazi yenyewe ni kupanga amri kwenye programu: hii iwashe bluu, ile ififize, kila moja na muda wake. Ukishapanga, unabonyeza mara moja, zinafuatana zenyewe.

Shangazi aliigiza mama aliyefiwa na mwanawe. Hakuwa akiigiza sana. Mwanawe mwenyewe, binamu yangu, alichukuliwa na mto, na hatukupata mwili wa kuzika. Kwenye mazoezi, siku nyingine alilia kidogo akanyamaza. Siku nyingine aliendelea hadi tukatazama chini. Taa haikujali. Ilififia kwa muda niliouandika, ikamwacha analia gizani.

Nilipotaka kuizima kwa mkono akishamaliza, kiongozi wa kikundi alisema nisiguse kitu. Taa zilikuwa zimefungwa pamoja na wimbo, na wageni hawapendi kusubiri. Nami niliogopa. Kompyuta ikikosea, imekosea kompyuta. Mkono wangu ukikosea, watasema mtoto wa kaka yake ndiye aliyemkatiza. Na katika ukoo wetu mfiwa hakatizwi. Wanawake hukaa naye mkekani kimya, mpaka mwenyewe ajifute uso kwa ncha ya khanga.

Siku ya onyesho nilimkuta nyuma ya pazia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo kompyuta yako leo imekula? Maana ina haraka kama bodaboda anayewahi abiria wa treni."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Taa ikizima mapema," akasema, "naona kama mmeacha tena kumtafuta."

Nilirudi mezani, nikaifungua amri ile, nikafuta muda, nikaitenga na wimbo, isubiri nibonyeze. Sikumwambia kiongozi.

Shangazi alilia. Wimbo ukaisha, yeye bado. Mtu akakohoa. Kiongozi akanigeukia, macho yamemtoka, akanionyesha kwa mkono nizime. Niliweka kidole juu ya kitufe, nikaendelea kumtazama shangazi.

Hatimaye aliishika ncha ya khanga, akajifuta uso.

Nikabonyeza.