Kahawa ya Shangazi

Juzi binti yangu alikuwa akitazama katuni ya Kijapani kuhusu msichana anayejificha chini ya dawati kila akisalimiwa. Yeye alicheka. Mimi nilisikia harufu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sebuleni kwetu Nshamba, siku niliyopiga magoti mbele ya wageni na kibakuli cha kahawa ya kutafuna, buni nzima zilizokaushwa, nikashindwa kuwasalimia.

"Msimjali," shangazi aliwaambia. "Huyu aliumbwa nusu."

Nilimwamini. Nilidhani watu wazima hawana aibu. Alipoagiza kahawa nyingine, yake nilimpa mkononi, nimeichanganya na mavi makavu ya mbuzi. Alitafuna, akaacha, akawatazama wageni. Akaona haya kutema, akameza.

Kumbe naye alikuwa nusu kama mimi. Dhambi hiyo sijaiungama mpaka leo, na padri asiisubiri.