Mkutano Ambao Haukufungwa

Barabara ilichorwa ikapita juu ya jiko la dada yangu na kaburi la shemeji, na aliyezunguka Bonga nzima kuitangaza ni mimi. Nalisema mapema kwa sababu hapa kwetu wapo wanaolisimulia kwa namna yao, na mimi sijasoma sana, darasa la tatu nikatolewa kuchunga, lakini nilikuwepo.

Kazi yangu ilikuwa matangazo. Nilianza nayo wakati sisi bado ni kijiji. Mwenyekiti alinikabidhi kipaza sauti cha betri, kile cha kushika mkononi, kwa sababu sauti yangu inafika mbali na sina aibu. Nimetangaza chanjo za ng'ombe, nimetangaza punda aliyepotea. Mara moja kiboko alitoka ziwani akalala kwenye bustani za watu kule mjini, wakaniazima huko nikawaambie wananchi wasiende kumtazama. Wakaenda wote. Walisema wasingejua kama kuna kiboko kama nisingetangaza.

Basi, kijiji kikavunjwa tukawa mtaa. Ofisi ni ileile, mwenyekiti ni yuleyule, wamefuta tu neno kwenye ukuta wakaandika lingine. Lakini kuna kitu kilibadilika ambacho wengi wetu hatukukiona. Zamani habari ya ardhi ilimalizwa na mkutano mkuu wa kijiji. Sasa inamalizwa mjini, kwenye halmashauri, na sisi tunaitwa kushirikishwa. Hilo neno kushirikishwa nilikuwa nalisoma kwenye kila karatasi niliyopewa, na nilidhani maana yake ni kama zamani.

Karatasi nilikuwa napewa na afisa habari, binti mmoja kutoka Kanda ya Ziwa, mwenye adabu kabisa. Akiniona, "Shikamoo babu," nami namwambia marahaba mjukuu wangu. Aliniuliza kama nimeona tangazo kwenye grupu la simu. Nikamwonyesha simu yangu ya kitochi. Akacheka, akaniandikia kwa herufi kubwa.

Tangazo lile la kwanza lilikuwa la mkutano wa kupokea mchoro wa mipango miji. Nilitangaza, watu wakaja, wakakaa kwenye madawati tuliyoazima shuleni. Afisa mipango miji akabandika mchoro ukutani. Akaeleza makazi hapa, biashara hapa, shule hapa, barabara hizi hapa. Dada yangu alikuwa safu ya wanawake. Yeye ni mkubwa kwangu na ni mjane. Kiwanja chake na changu vimepakana, tuligawiwa na baba. Nilimwona akinyoosha shingo kwenye ule mchoro, akahesabu nyumba kwa kidole, kidole kikasimama kwake.

Afisa akauliza, "Kuna pingamizi?"

Kimya.

"Hakuna? Nawashukuru sana."

Sasa hapa lazima nieleze, maana ndipo palipoharibika. Sisi tuliotoka kule juu Mbulu, na hata wenyeji tuliowakuta hapa, mkutano hatuurukii. Unasikiliza kwanza. Unanong'ona na jirani. Unaacha wakubwa waulize habari ndogondogo, za maji, za ng'ombe. Neno zito linatolewa mwishoni kabisa, pale mzee wa kufunga mkutano anapojiandaa kusimama. Mwenye jiwe moyoni analitoa wakati huo. Halafu mzee anasimama, anaomba mvua, anaombea watoto na mifugo, tunaitikia kila neno lake, na ikishaitikiwa hakuna ruhusa ya kulifufua tena lile jambo. Kwa hiyo dada yangu hakuwa amekubali. Alikuwa anasubiri zamu.

Ila wingu lilikuwa limeshashuka kutoka mlima Kwaraa, na gari la ofisi halikuwa la kupita kwenye matope. Afisa akabandua mchoro wake, akaukunja, wakaondoka mbiombio. Mzee wetu wa kufunga, ambaye masikio yake si mazuri, alikuwa ndiyo kwanza anatafuta fimbo yake. Akauliza, "Wamekwenda kula?" Watu wakacheka. Tukakaa mpaka mvua ikaanza kutupiga, mwenyekiti akasema basi, watakaporudi tutamalizia. Tukatawanyika kwa amani, tukijua mkutano uko wazi.

Hawakurudi. Mchoro ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo mjini, siku za pingamizi zikahesabiwa, zikaisha. Mimi niliuona pale ubaoni, maana nilikuwa naenda kuchajisha kipaza sauti ofisini. Nikajua kabisa kwamba wenzangu kule wanasubiri kitu ambacho huku kimeshakwisha. Sikusema. Nilikuwa naogopa nikijifanya mjuaji watampa mtu mwingine kile kipaza sauti, na nilikuwa nimekizoea, watu walikuwa wananisalimia barabarani kwa sababu yake. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza.

Baada ya wiki kadhaa nikapewa karatasi nyingine. Mchoro umepitishwa na mkutano wa wananchi, upimaji unaanza, kila mtu asafishe mipaka yake. Nikapanda bodaboda, nikatangaza kuanzia barabara ya Dodoma mpaka ndani kabisa. Nilipokaribia kwa dada nikazima. Dereva akageuka, "Vipi mzee, betri?" Nikamwambia twende tu.

Dada alikuwa ameshasimama njiani na unga mikononi.

"Mbona umezima?"

"Imekata."

"Washa. Nimesikia kwa majirani, sasa nataka kusikia kutoka mdomoni mwako."

Nikawasha. Nikasoma yote, mtu mmoja ananisikiliza, kwa kipaza sauti. Dereva wa bodaboda alikuwa anaangalia matairi yake.

Nilipomaliza akaniuliza, "Umepitishwa na mkutano gani?"

"Ule wa siku ile."

"Ule uliufunga wewe?"

Nikaikunja karatasi.

"Basi na wewe ni serikali," akasema. Akarudi jikoni, kwenye jiko lilelile la kubomolewa, akaendelea kusonga ugali. Hakunikaribisha. Dada yangu, ambaye hata mgeni asiyemjua hapiti pale bila kula.

Asubuhi yake nilikwenda mjini. Afisa habari nilimkuta anakunywa chai na maandazi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, ule mkutano wa Bonga haujafungwa." Akadhani nazungumzia mlango wa ofisi ya mtaa. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa kuzunguka, kwa sababu kwa kifupi siwezi. Afisa mipango miji akaingia katikati akasikia, akacheka.

"Mzee, muhtasari unasema mwenyekiti alifunga mkutano saa saba mchana."

"Nani ameandika?"

"Mimi. Mikutano yote inaandikwa hivyo."

Yule binti hakucheka. Akafungua faili, akapekua, akageuza karatasi mbele yake. "Kaka, hapa mwenyekiti hajasaini."

Wakampigia simu mwenyekiti, binti akaweka sauti ya wazi tusikie wote. Mwenyekiti wetu ni mtu wa maneno machache. Akasema karatasi ililetwa kwake, akairudisha hivyo hivyo. "Nisaini kwamba nimefunga, wakati mzee yupo na hajaomba? Mnataka mvua ikatae hapa, waseme ni mimi?"

Afisa mipango miji akakaa. Bila ile saini faili lisingeweza kwenda mbele, hilo alilijua kuliko mimi. Binti akaniuliza tangazo liandikweje. Nikamwambia hili usiniandikie. Nikarudi Bonga nikatangaza kwa maneno yangu: mkutano ule haujafungwa, njooni tuufunge. Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza.

Safari hii gari lilisubiri. Maswali ya maji yakaulizwa, ya ng'ombe yakaulizwa, mzee akaanza kutafuta fimbo yake. Hapo dada akasimama. Alisema, "Mimi sikatai barabara. Mume wangu nimemlaza pale kwa mikono ya watu mliokaa hapa. Nani kati yenu atakuja kumwamsha?" Akakaa. Ndiyo hayo tu.

Afisa akautazama mchoro wake muda mrefu. Nitasema haki yake, hakukasirika. Akachukua penseli, akasema barabara inaweza kupinda kidogo upande wa magharibi.

"Huku ni kwa nani?"

Watu wote wakanigeukia.

"Kwangu," nikasema.

"Kuna nini?"

"Zizi. Na mbaazi."

"Kuna kaburi?"

"Hakuna."

Nilisubiri. Nilidhani kuna mtu atasema mzee huyu naye aonewe huruma, ametutangazia miaka yote hii. Niliangalia safu ya wanaume, wakaangalia chini. Niliangalia kwa dada, akaangalia mchoro. Na mimi mwenyewe, mwenye sauti ya kufika mbali, sikupata neno. Mzee akasimama akaanza kuomba, tukaitikia, nami nikaitikia kwa nguvu kama wenzangu. Mwenyekiti akasaini palepale juu ya dawati.

Wapimaji walikuja na bikoni zao, vile vinguzo vya kuweka mpaka, kabla mbaazi hazijakauka. Walikuwa wawili na kazi ni ya watu watatu, wakaniomba niwashikie upande mmoja wa kamba. Nikashika, nimesimama ndani ya zizi langu. Dada akatoka, akaegemea ukuta wa jiko lake akitutazama, kisha akanipigia kelele:

"Ivute vizuri hiyo! Ukilegeza itarudi kwangu."

Nikavuta.