Carte mère niliyoikatia patron

Chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikianza kusimulia sitaki mtu wa kunikata katikati. Ni mimi huyu huyu, Mama Kavira, couturière wa Beni, niliyesimama mbele ya akina mama wa parokia nikamwacha padri abebe kosa langu, na kosa lenyewe lilianza na kipande cha carton.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili, barabara ya Butembo ilipokuwa na vizuizi kuliko vijiji. Nyumbani nilikuwa na kompyuta (msiniulize mshonaji anafanya nini na kompyuta, kila mtu ana kiburi chake), ya zamani sana, niliyoachiwa na shirika moja lililofunga bureau vita ilipochacha, na dada yangu wa Kampala alikuwa amenitumia, kwa ndege iliyotua Mavivi, disque moja imejaa picha za robe za komunyo ya kwanza. Robe za mikono mipana, robe za mikono mifupi, robe zenye maua ya shingoni, mpaka unatamani uwe mtoto tena. Na Mama Présidente wa akina mama wakatoliki alikuwa anatafuta mtu wa kushonea watoto wote wa parokia robe za komunyo, kazi ambayo ingelisha nyumba yangu mpaka Noeli, na waliokuwa wanaitaka tulikuwa wawili tu, mimi na Masika wa ng'ambo ya barabara. Masika ana mkono wa kukata kitambaa ambao Mungu hakuninyima kwa bahati mbaya, aliniruka makusudi. Basi mimi nilitegemea picha.

Shida ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa ikifungua picha kwa uvivu: kichwa cha mtoto kinatokea unapoweka maji ya ugali jikoni, viatu vinatokea watu wananawa mikono. Fundi mmoja akaniambia dawa yake ni kubadilisha carte mère, yaani lile bamba kubwa la ndani ambalo vitu vyote vya kompyuta vinachomekwa juu yake, na kwamba Butembo zipo, wafanyabiashara wanazileta kutoka Dubai. Akaniambia pia, nisimsingizie, niende na kompyuta yenyewe.

Na askari wa vizuizi je? Siku zile kitu chochote chenye waya kilikuwa kinaitwa radio ya adui. Nikafikiri kama mshonaji: mteja asipoweza kufika, si analeta nguo yake ya zamani unachukua kipimo? Nikaifungua kompyuta kwa bisibisi ya cherehani, nikatoa bamba la zamani, nikalilaza juu ya carton, nikalichora tundu kwa tundu, nikakata patron, kile kielelezo cha kukatia nguo, safi kabisa. Nilijiona nina akili kuliko mji mzima.

Butembo, kijana wa duka moja aliniwekea mezani carte mère mbili. Moja ilikuwa imetumika, rangi ya kahawa iliyomwagika, kona imelika. Nyingine mpya, ya kijani, inang'aa kama sakafu ya askofu.

"Mama, ordinateur yako ni ya zamani?" akaniuliza. "Kama ni ya zamani, kamata hii ya mbaya. Ile ya kijani, plug yake ya courant ni ingine."

Mimi nikatoa patron yangu nikaitandika juu ya ile ya mbaya: tundu moja halikukutana. Nikaitandika juu ya ya kijani: tundu zote, isipokuwa ubavu mmoja ulizidi vidole viwili.

"Unaona?" nikamwambia. "Ile ya vidole mbili nitatafutia nafasi."

"Mama, carte mère hapana kitambaa!"

"Mutoto yangu, miye napima batu tangu weye hujazaliwa."

Watu wa duka walicheka, nikadhani wanamcheka yeye. Nikaondoka na ya kijani.

Njiani askari mmoja akaiona ndani ya kikapu. "Mama, nini wana?" akauliza kwa Kilingala chake, ni nini hapo. Nikamjibu ni kitu ya cherehani. Akaigeuza-geuza, akasema mama yake pia anashona, kule Mbandaka, hajamwona tangu vita ianze, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nilimhurumia kweli, lakini zaidi nilifurahi kwamba uongo wangu umepita, na ndiyo ilikuwa mbaya, maana uongo wa kwanza ukipita bure wa pili unakuja wenyewe.

Nyumbani, plug ya courant, ile ya kuingiza umeme, ikakataa kuingia. Kijana wa duka alisema kweli, lakini nilikuwa nimeshatangaza kwenye misa ya pili kwamba Jumamosi Padri Gervais anakuja kubariki mashine, na Mama Présidente ataona picha na kutoa kazi papo hapo. Nguo ikikataa kuingia unafanya nini? Unafumua, unaongeza. Nikakata plug ya zamani, nikaunganisha waya zake na zile za plug iliyokuja na bamba jipya, kama ninavyochagua uzi, rangi kwa rangi, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, rangi ya machungwa na ya machungwa, kila kiungo nikakivika kitambaa cha rangi yake nikakishona mshono wa kurudi nyuma. Zilibaki waya ambazo hazikupata wenzake, moja ya kijani, moja ya zambarau. Nikazifunga ruban, utepe wa robe. (Ndiyo, ruban. Ilipendeza.) Na kwa sababu bamba lilizidi, sanduku halikufungika, nikalifunika na dentelle, kitambaa cha lesi. Kuijaribu sikuweza, hatukuwa na courant, tulikuwa tunangoja groupe électrogène, jenereta ya jirani, Papa Paluku, ije siku ya sherehe.

Jumamosi wakajaa mpaka nje. Masika alikaa mbele kabisa. Padri akaomba, akanyunyiza maji ya baraka kidogo, mimi nikabonyeza. Kimya.

"Courant ni kidogo," nikasema haraka.

Papa Paluku akasimama kama ametukaniwa mama. "Kidogo? Groupe yangu? Ile inawashaka frigo za hôtel?" Akachomeka radio-cassette yake palepale, muziki ukalipuka, na Mama Présidente mwenyewe akatikisa mabega kabla ya kukumbuka padri yupo.

Sasa courant ilikuwa na mashahidi. Akina mama wakaanza kusema shetani hataki, Padri aongeze maji. Padri Gervais, mtu mpole asiyeweza kukatalia akina mama kitu, akachovya akanyunyiza kweli kweli, maji yakapita kwenye dentelle, nikabonyeza tena. Paa! Moshi ukapanda, harufu ya plastiki, watu mlangoni wanakanyagana. Moshi ulipopungua, wote walikuwa wanakiangalia kinyunyizio mkononi mwa Padri.

"Ni miye," akasema, uso umemwanguka. "Nimeua mashine ya mama."

Hapo ndipo ningesema kweli. Badala yake nikasikia mdomo wangu unajibu: "Padri, hapana kujisumbua. Ni mapenzi ya Mungu."

Masika alikuja polepole, akainua dentelle kwa vidole viwili, akainama.

"Nyamuhanga!" akamwita Mungu kwa kikwetu. "Huu mushono naujua. Mama Kavira, ulishona ordinateur?"

Padri naye akainama. "Na hii ruban ni ya nini?"

"Ni waya zilibaki, Padri."

"Zilibaki?"

Walicheka mpaka Papa Paluku akazima groupe yake ili awasikie vizuri. Padri alivuta mshono mmoja, akavuta tena kwa nguvu, haukuachia. Mama Présidente aliuona. Akafuta machozi ya kicheko, akatoa hukumu:

"Robe za komunyo: Masika atapima, Masika atachagua kitambaa na rangi, Masika atakata. Mama Kavira atashona."

"Kushona tu?"

"Kushona tu. Na kipande ikibakia, unarudisha."

Basi nilishona, kwenye baraza ya Masika, wiki baada ya wiki, ananipa vipande vilivyokwisha kukatwa kama mwanafunzi, na mimi nikiumia rohoni kila asubuhi nikivuka barabara ile. Siku ya komunyo watoto walitoka kanisani weupe, robe zimewakaa, na Padri Gervais akauliza mbele ya watu wote, nani amefanya kazi nzuri hivi. Nilikuwa tayari kumsikia Masika akijitaja.

"Ni Mama Kavira," akasema Masika. "Miye nilipima tu."

Moshi wa Jumamosi ile haukuniaibisha kama neno hilo. Padri alinitazama akatabasamu, na mimi sikupata pa kuweka macho. Toka hapo nimeapa: nisipojua kitu nitasema sijui, hata mbele ya kijana wa duka, hata mbele ya padri, hata mbele ya Masika, na huyo wa mwisho ndiye ananigharimu mpaka leo.