Wimbo wa Sofia kwa Filimbi Nene

Mwanangu, asubuhi ile bado ninaikumbuka, wakati wa Wabelgiji, pale misioni ya Kasongo. Nilikuwa kijana, mpiga filimbi wa kwaya. Padre alikuwa ameleta toka kwao filimbi moja ndefu, yenye sauti nene, nzito kama ya mtu aliyetoka kulia. Nikaipuliza pamoja na kinanda cha kanisa, nikisoma karatasi ileile. Ikawa fujo tupu. Wanakwaya wakaziba masikio.

Mwalimu Damiani, kiongozi wetu, siku nyingine angecheka. Siku ile hakucheka. "Hii filimbi iko na desturi yake," akaniambia. "Ukisoma do, yenyewe inatoa sol ya chini. Kama unataka itoe do ya kinanda, inapaswa uandikiwe fa. Tupandishe kila noti vile, vitapatana."

Ndiyo kazi aliyopewa: kuandika upya sehemu zote za filimbi ile, kabla mkubwa mmoja wa serikali hajaja kutembelea mji. Lakini moyo wake haukuwa pale. Binti yake Sofia, aliyeolewa Kabambare, alikuwa amejifungua vibaya, na homa haikumwacha. Damiani alikwenda kwa bwana wa utawala kuomba ruhusa ya kusafiri. Wakati ule, mwanangu, mtu mweusi hakutoka kwao kama anavyotaka. Ukikamatwa njiani bila ruhusa, ni gereza na fimbo. Akajibiwa kwamba mgeni kwanza, mgonjwa baadaye.

Akarudi, akaketi, akaandika. Tulimwona akisimamisha kalamu na kutazama upande wa njia ya Kabambare.

Mgeni alikuja. Tulipiga vizuri, akapiga makofi, akaenda zake. Hata jina lake nimelisahau. Kesho yake mume wa Sofia akafika kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Alipomwona mkwewe, akakaa chini bila kusalimu. Damiani akajua Sofia hayupo tena.

Hakulia mbele yetu. Aliomba karatasi, aandike wimbo wa Bikira Maria ambao Sofia aliupenda, tuupige kwenye misa ya kumwombea. Kabla hajaolewa, Sofia aliimba nasi kwa sauti ya chini. Kati ya wasichana waliobaki hakuna aliyeifikia. Filimbi ile iliifikia. Nikamwona Damiani anakosea, anafuta, anaanza tena.

"Mwalimu, lete niandike mimi. Nimeshajua namna."

"Wacha, mutoto yangu. Hii ndiyo kitu imebaki niko naweza kumufanyia."

Kwenye misa nilipuliza. Damiani alipiga kinanda mpaka katikati, kisha vidole vikasimama. Nikaendelea peke yangu, na nyuma yangu nikamsikia mama yake Sofia anaimba, polepole, maneno yanakatika, mpaka mwisho.

Nje watu wakausifu wimbo. Damiani akanivuta kando. "Mama yako iko kule kijiji ya Wamaza, sivyo? Siku utasikia anagonjwa, filimbi uiache pale chini, uende. Kama wanakufunga, wakufunge umeshamuona. Mimi nyimbo zao nilizimaliza. Mutoto yangu sikumuona."

Kabla mvua hazijaisha alipata ruhusa, akahamia Kabambare, akalima karibu na kaburi. Kinanda hakukigusa tena. Na kwaya yetu, bila yeye, ilikufa polepole.

Mwanangu, leo hakuna wa kukufunga kwa sababu ya kusafiri, lakini wewe mwenyewe unajifunga kwa kazi. Ukipata habari kwamba mtu wako ni mgonjwa, usiseme utakuja ukimaliza. Ondoka. Kazi ikiharibika, utaomba msamaha na kuianza upya. Na ukimwona mwenzako anatazama njia huku mikono iko kazini, usimsifu kwa bidii yake. Mshike bega, umsindikize.

Mungu akulinde barabarani. Akujalie ufike mapema, ukute mtu wako bado anakuita kwa jina.