Fundi Asiyegeuza Shingo

Tangu pikipiki ilipomwangusha akagonga kichwa barabarani, fundi wa nguo wa Karurumo hageuzi shingo. Mteja akimwita kutoka nyuma, huinuka na kugeuka mwili mzima, pole pole, kama anayehofia kumwaga kitu. Wawira, anayeuza ndizi kando ya kibanda cha fundi huyo, ameshazoea kumwona akikandamiza chupa ya maji baridi, iliyofungwa kitambaa, kwenye uvimbe chini ya kisogo. Cherehani hulia kidogo, kisha hunyamaza. Daktari alimwambia apumzike, naye hupumzika kati ya mshono na mshono.

Jana alasiri mama mmoja alileta kitambaa cha gauni la kuvaa kwenye harusi ya bintiye. Fundi akampima mabega, akashika kalamu, akasimama tu. Akampima tena. Mara ya tatu aliikunja futi, akamrudishia kitambaa.

"Mama, peleka kwa fundi mwingine. Hizi namba zinanitoroka kabla niandike."

Mama alipoondoka, fundi alilaza paji la uso juu ya cherehani.

"Fundi, umelala?" Wawira akauliza.

"Sijalala," akajibu bila kuinuka. "Nangoja kichwa kitulie, nimalize hii sketi."