Kasi ya Mama

Kaka yangu ana digrii mbili na hajui mama yake anatembeaje. Nalisema kwa dharau, wala sijifichi.

Alikuja nyumbani Tandika na kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, akamfunga mama nacho kwa mkanda juu ya kifundo cha mguu. Yeye na wenzake kazini wameifundisha kompyuta, akasema: kidude kinahisi mguu unavyotikisika, kompyuta inakadiria mtu anatembea kwa kasi gani. Mzee akianza kupunguza mwendo, ujue kesho keshokutwa ataanguka. Nikamuuliza, "Mmeifundisha kwa miguu ya nani?" Vijana wa chuo, eti, wakitembea kwenye korido ya vigae, toka ukuta huu mpaka ule. Nikasonya.

Sasa mama na korido wapi na wapi? Toka kwetu hadi sokoni ni dakika kumi kwa mtu asiye na adabu. Mama anachukua saa nzima. Kila kibaraza anaamkiwa, na yeye haitikii juu juu kama anafukuzwa. Anaburuta ndala, anageuka, anaitika marahaba, akishapita anakumbuka hajauliza goti la jirani, anarudi nyuma hatua mbili. Hapo hajafika kwa muuza mihogo, ambaye kila siku ana kesi na mkewe.

Kompyuta yao ikaona mguu unaojikokota, basi. Wiki tatu baadaye kaka akanionyesha mchoro kwenye simu, mstari umelala chini kabisa.

"Mama yuko hatarini. Kutoka peke yake mwisho leo. Namhamishia kwangu Segerea."

"Hatari gani, kaka? Si anasalimiana na watu huyo!"

"Mdogo wangu, hii ni sayansi."

Ebo! Sayansi gani isiyojua shikamoo? Lakini yeye ndiye mkubwa, na mie, na mdomo wangu wote huu, nikamkunjia mama khanga zake nikazitia kwenye begi. Hilo nalo nalidharau. Mama alikitazama kidude chake, akacheka kidogo. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema, akaingia garini.

Kwa kaka kuna ukuta mrefu na geti la chuma, na majirani wana kuta zao. Mwezi haujaisha, bwana msomi akanitumia mchoro mwingine, mstari umepanda, na dole gumba juu: "Umeona? Kasi ya mama imeongezeka sana!"

Nikaenda kuiona hiyo kasi. Nilimkuta mama uani, anatembea toka getini hadi kwenye tangi la maji, anageuka, anarudi, hatua zimenyooka, haangalii kulia wala kushoto. Hakuna wa kumpunguzia mwendo.

"Shikamoo, mama."

Akasimama. "Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono, hakuuachia. "Hebu niamkie tena."